Kipimo Hai cha Nchi ya Timazi

Nchi ya Timazi imepewa jina la uzi. Ni ule uzi wa waashi wenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, unaoning'inizwa kando ya ukuta ili uonyeshe kama ukuta umesimama wima. Watu wa huko wanauheshimu sana hata wakauchora kwenye bendera yao, na bendera yenyewe imeshonewa risasi kwenye pindo ili isipepee.

Nilikaa huko msimu mmoja wa mvua. Sikutumwa na mtu wala sikuwa na shughuli. Watoto wangu wamekua, na wajukuu walikuwa shuleni. Nilipokelewa vizuri. Nitaeleza niliyoyaona kadiri ninavyoyakumbuka, na sitasema ubaya wa watu walionipa chakula ila pale ambapo sheria yao wenyewe inausema.

Nianze na nyumba, maana wao huanza na nyumba. Mtu wa Timazi akikutana na mwenzake njiani haulizi habari za watoto. Husema, "Nyumba imesimama?" na mwenzake hujibu, "Imesimama," hata kama imeanguka jana.

Katika mtaa wa kale, ambako ndiko nilikopanga, kila nyumba ina kushoto na kulia vinavyofanana. Kukiwa na dirisha upande huu, lazima liwepo upande ule. Kama familia inahitaji dirisha moja tu, la pili huchorwa ukutani kwa rangi, pamoja na pazia lake na chungu cha maua. Asubuhi moja nilimkuta mama mmoja akifuta vumbi kwenye dirisha la rangi kwa kitambaa kibichi. Nikamwuliza kwa nini anajisumbua.

"Lile la kweli nimeshalifuta, Bibi," akasema. "Hili nalo lisijisikie limeachwa."

Desturi hiyo waliipata kwa Wakale, watu walioishi hapo zamani na kutoweka, wakaacha nguzo zimelala kwenye majani mbuzi wanapochungwa. Mababu wa Watimazi walizipima nguzo hizo kwa miaka mingi. Wakagundua kwamba Wakale walijenga kwa kufuata mwili wa mtu: nguzo ina unyayo, ina kiwiliwili, ina kichwa, na nyumba nzima ni mtu aliyesimama kwa utulivu na adabu. Jambo hilo liliwapendeza mno. Wakaamua kila jengo la nchi lipimwe kwa mwili wa mtu, na ili pasiwe na ugomvi ni mwili wa nani, wakamchagua mtu mmoja.

Huyo mtu huitwa Kipimo. Huchaguliwa akiwa kijana, mrefu, mnyoofu, asiye na kovu. Anakabidhiwa kwa Ofisi ya Unyoofu, na huko anasimama ndani ya shubaka ukutani, mikono kando, ili kila fundi anayejenga aje na uzi wake ampime. Kimo cha mlango ni kimo chake na kiganja. Upana wa dirisha ni mikono yake ikinyooshwa. Anakaa huko huko, analala huko huko, juu ya ubao. Sheria ya kwanza ya Timazi ina maneno mawili tu: Kipimo hakosei.

Ni sheria nzuri, na kwa miaka mingi haikusumbua mtu. Nyumba zilisimama kimya mitaani kama watu walio kanisani. Lakini Kipimo ni mtu, na waliotunga sheria walisahau kwamba mtu huzeeka.

Mafundi wazee wa huko walinieleza jinsi mambo yalivyoanza kubadilika kwa Kipimo wa sasa, aliyedumu kuliko waliomtangulia, nami naandika kama walivyosema. Siku moja goti la Kipimo lilicheza wakati fundi anampima. Fundi hakuthubutu kusema Kipimo amekosea, kwa hiyo akajenga alichokiona: kwenye safu ya mawe juu ya ukuta, jiwe moja limeteremka kidogo kama linalotaka kuanguka. Watu walikuja kusimama chini yake, wakapiga kelele za hofu, wakarudi kesho yake na ndugu zao. Mwaka mwingine Kipimo aliumwa kichwa, na fundi wa zamu hakuwa na moyo wa kumtwika mzigo hata kwa mawazo. Ndiyo maana jumba la mahakama lina nguzo nane zisizobeba kitu. Baadaye miguu yake ikavimba, na ngazi zilizojengwa mwaka huo zinatanuka zikifika chini kama uji uliomwagika.

Halafu mgongo ukapinda. Hapo nchi iligawanyika.

Wengine walisema: kwa kuwa Kipimo hakosei, basi unyoofu wenyewe ndio umepinda, na tuufuate. Wakafungua Ofisi ya Mipindo, mkabala na Ofisi ya Unyoofu, ukumbi ule ule. Wakaanza kujenga kuta zinazotoka na kuingia kama pumzi. Duara likanyooshwa likawa yai. Nguzo zikasokotwa. Dari zikachorwa mawingu na watu wanaoruka, nyayo zao zikiwa juu ya kichwa chako, kiasi kwamba nilimwona mzee mmoja akifungua mwavuli ndani ya jengo kwa tahadhari. Makarani wanaopita kati ya ofisi hizo mbili hutembea moja kwa moja hadi katikati ya ukumbi, na kutoka hapo kanuni inawataka wayumbe kidogo.

Ofisi ya Unyoofu iliongozwa na Bwana Pankrasi, mtu mwembamba, suti yake imepigwa pasi, ina vifungo safu mbili na safu moja ni ya kuchora. Ofisi ya Mipindo iliongozwa na Bwana Fulgensi, mnene, mchangamfu, mwenye joho la mikunjo mingi. Niliwasikia wakijadiliana hadharani mara kadhaa. Watu huenda na vigoda vyao kuwasikiliza.

"Bwana Fulgensi," Pankrasi alisema siku moja, "nguzo zako zimesokotwa kama nywele za mwari. Nguzo inabeba. Umewahi kumwona mtu amebeba gunia huku anajinyonganyonga?"

"Nimemwona," Fulgensi akajibu. "Gunia likiwa zito ndivyo wote wanavyofanya. Anayesimama kama nguzo zako, bwana, gunia lake limejaa makapi."

Upande mmoja wa watu ukapiga makofi. Upande wa pili nao ukapiga, kwa sababu sheria inataka makofi yalingane.

"Na nyumba zako zina uso mkubwa na mgongo mdogo," Pankrasi akaendelea. "Mbele dhahabu, nyuma matofali matupu. Mtu anaingia akidhani ni ikulu, anatokea jikoni."

"Si afadhali jikoni? Kwako anaingia, anatembea chumba baada ya chumba, vyote sawa, mpaka anasahau alikuja kwa nani."

Nilicheka, na wote wawili wakanitazama kwa furaha. Hawakuwa watu wabaya. Pankrasi alikuwa na tabia ya kuokota vigoda vilivyosahauliwa na kuviweka mahali penye kivuli ili wenyewe wakirudi wasivikalie vikiwa vya moto. Fulgensi alikuwa akigawa kahawa yake yote kabla ya kukumbuka kwamba naye ana kiu. Shida ilikuwa kwamba katika maneno yao yote sikusikia hata mmoja akitaja jina la Kipimo.

Jina lake lilikuwa Severini. Nililijua kwa sababu binti yake alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni nilimopanga. Binti huyo, Gaudensia, alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye mikono mepesi na maneno machache. Baba yake alichukuliwa kuwa Kipimo yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama yake alifariki zamani. Kila siku alimpelekea baba yake chakula ofisini, na kila siku chakula kilipita meza ya unyoofu na meza ya mipindo kukaguliwa, kikamfikia kimepoa.

"Sijawahi kula naye mezani," aliniambia wakati tunamenya viazi. "Wala sijui kama anapenda chumvi nyingi. Anasema kila kitu ni kizuri."

Nikaomba nimsindikize.

Mzee Severini alikuwa amesimama ndani ya shubaka lake, ameinama hata kidevu kilikuwa karibu na kifua. Nywele zilikuwa nyeupe, na mtu fulani alikuwa amezichana vizuri. Tulisumbuka kidogo nani amwamkie mwenzake, maana hatukujua nani mkubwa, mwishowe tukaamkiana pamoja.

"Unatoka mbali?" akaniuliza.

"Mbali, mzee mwenzangu."

"Huko kwenu nani ni Kipimo?"

"Hatuna. Kila fundi anakuja na futi yake."

"Na nyumba zinasimama?"

"Nyingine."

"Basi ni kama hapa tu," akasema, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

Kando yake, karibu sana, alisimama askari wa zamu, kijana mpana aitwaye Leonsi. Alikuwa amekunja uso kama anayekagua vumbi kwenye shubaka. Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa akifanya. Alikuwa ameweka bega lake pale mzee aweze kuegemea, na alikuwa haondoki. Nilipomtazama akasema kwa ukali, "Nakagua ukuta, Bibi." Nikamwambia akague vizuri.

Nilimwuliza Mzee Severini anataka nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha aliyoisahau.

"Kukaa," akasema. "Nyumbani. Nile kitu cha moto alichopika huyu, nikiwa nimekaa. Halafu nikifa, nife."

"Acha hayo, baba," Gaudensia akasema. "Kula viazi."

Wiki ile ile ilitangazwa kwamba Jumba Kuu limekamilika na litazinduliwa. Nililitembelea. Uso wake ulikuwa mrefu kuliko jumba lenyewe, umejaa mipindo na malaika wa chokaa wanaopuliza tarumbeta, na ukizunguka nyuma unaona ghala la kawaida la matofali ambalo paka walikuwa wakilala juu yake. Ndani kulikuwa na kuba lililochorwa mbingu, na dirisha lililofichwa ili mwanga ushuke usijulikane unatoka wapi. Nilisimama hapo chini nikalia kidogo, sijui kwa nini. Lilikuwa zuri. Lazima niseme hivyo pia.

Uzinduzi wa jengo lolote huko haukamiliki mpaka Kipimo asimamishwe ndani yake, na shahidi aulizwe anamwonaje. Shahidi lazima awe mgeni asiye na nyumba nchini. Mwaka ule mgeni nilikuwa mimi peke yangu. Karani aliniletea taarifa hiyo pamoja na kikapu cha matunda, akaniomba radhi kwa usumbufu.

Kila ofisi ilikuwa imejiandaa. Bwana Pankrasi alitengeneza ubao mrefu wenye mikanda ya ngozi. Kama shahidi akisema Kipimo amesimama wima, mzee atafungwa juu ya ubao huo ili wima wake usipotee tena. Bwana Fulgensi alitengeneza fremu ya mti iliyopakwa dhahabu, imesokotwa kama nguzo zake. Kama shahidi akisema amepinda, mzee atatiwa humo ili mpindo wake uwe kamili. Nilivikagua vyote viwili. Mikanda ya ule ubao ilikuwa imewekwa sufi ndani isiumize ngozi. Ile fremu ilikuwa imepigwa msasa hata isiwe na kijiti cha kumchoma. Mafundi walikuwa wamejali kila kitu isipokuwa jambo lenyewe.

Gaudensia alinijia mchana nikiwa nafua.

"Mama, daktari amemwona baba," akasema. "Anasema mgongo ule ukilazimishwa, kwa kunyooshwa au kwa kusokotwa, hauwezi. Hatatoka humo mzima."

"Umewaambia wakubwa?"

"Nimewaambia. Bwana Pankrasi alisikitika sana. Akasema basi na tuombe shahidi aseme amepinda. Bwana Fulgensi naye alisikitika. Akasema basi tuombe shahidi aseme yuko wima."

"Na mimi nisemeje, mwanangu?"

Alikamua shuka langu, ingawa sikuwa nimemwomba, akalitundika.

"Sijui," akasema. "Sema tu unachokiona."

Siku ya uzinduzi mvua ilikatika mapema. Watu walijaa, wa unyoofu kushoto, wa mipindo kulia, idadi sawa. Waliozidi upande mmoja walibaki nje. Mbele waliketi Pankrasi na Fulgensi, na kati yao Jaji Perpetua, mama mzito mwenye miwani, ambaye alisifika kwa kusinzia kwenye mashauri yote na kuyakumbuka neno kwa neno. Ubao uliegemezwa ukuta huu, fremu ukuta ule.

Mzee Severini aliletwa katikati, chini ya kuba. Siku hiyo askari hakuruhusiwa kumkaribia. Leonsi alisimama mlangoni, na niliona bega lake limeinuka upande mmoja, kama linalotafuta mzigo wake.

Karani akasoma: "Shahidi, unamwona Kipimo. Sema mbele ya nchi: amesimama wima, au amepinda?"

Nilimtazama. Sikutaka kuharakisha, maana nilikuwa nimeulizwa kwa heshima. Mwanga ulimshukia kutoka kwenye lile dirisha la siri. Nikaona vidole vyake vimeshika pindo la koti, kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake penye watu wengi. Nikaona kwamba alikuwa akijitahidi, kwa nguvu zote zilizobaki, asimwangushe mtu yeyote mle ndani.

"Amechoka," nikasema.

Karani akainua kichwa. "Swali, Bibi, ni wima au amepinda."

"Nimelisikia, baba. Amechoka."

Halafu Bwana Fulgensi akasimama. "Waheshimiwa, kuchoka ni aina ya kupinda. Jambo liko wazi."

Pankrasi naye akasimama. "Si kweli. Kuchoka ni unyoofu uliotumika muda mrefu. Kilichopinda tangu mwanzo hakiwezi kuchoka, hakijafanya kazi yoyote."

"Unasema mimi sijafanya kazi?"

"Nasema nguzo zako."

"Nguzo zangu zinafanya kazi ya kupendeza! Za kwako hata hiyo haziwezi!"

Watu wa kulia walipiga makofi, wa kushoto wakasawazisha. Mzee Severini aliyumba. Gaudensia, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, akatoa sauti ndogo. Hapo Jaji Perpetua akafungua macho.

"Kaeni," akasema. Wakakaa. "Neno alilolitumia shahidi limo katika sheria zetu mara moja tu. Karani, soma sheria ya mawe, kifungu cha mwisho."

Karani alitafuta, akasoma: "Jiwe lililobeba muda mrefu likachoka, lisipigwe, lisifungwe wala lisiongezwe mzigo. Lishushwe polepole, lifunikwe, lirudishwe lilikochimbwa, lipumzishwe."

"Hayo ndiyo maamuzi," akasema Jaji.

"Lakini Mheshimiwa," Fulgensi akasema, na safari hii hakuwa na mzaha, "huyu ni mtu."

"Najua ni mtu. Nimesoma sheria za watu zote, Bwana Fulgensi, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna mahali zinapokubali kwamba mtu huchoka. Mawe tuliyahurumia zaidi." Akageukia umati. "Jiwe hili lilichimbwa wapi?"

Watu wakatazamana. Nadhani wengi hawakuwahi kufikiri kwamba Kipimo alitoka mahali.

"Kwetu!" Gaudensia akapiga kelele kutoka nyuma. "Mtaa wa Kisimani, nyumba ya tatu! Lilichimbwa kwetu!"

Waashi walifanya kama sheria isemavyo. Jiwe lililoshushwa huwekwa alama ya chaki. Yule aliyepewa kazi hiyo aliiweka kwenye mkono wa koti, akaipuliza ili vumbi lisimwingie mzee puani. Kifungu kilitaka lifunikwe, na hakukuwa na turubai. Bwana Pankrasi akavua koti lake lenye vifungo vya kweli na vya kuchora, akamfunika nalo, akabaki na shati. Bwana Fulgensi alitandaza joho lake juu ya majani ya mkokoteni ulioletwa kumbebea, akalikunjua mkunjo mmoja mmoja hadi likawa bapa. Leonsi hakuombwa kuuvuta mkokoteni. Aliushika tu.

Nami nilikwenda nao, kwa kuwa shahidi lazima aone jiwe likitua.

Nyumba ya Gaudensia ilikuwa na chumba kimoja na jiko. Ilijengwa upya mwaka baba yake alipoanza kazi, naye ndiye aliyepimwa, akiwa kijana mwenye nguvu. Tulimkalisha kwenye kiti, mgongo ukutani. Akafumba macho. Tulidhani amesinzia, lakini alikuwa akiusikiliza mgongo wake. Gaudensia alipika mchuzi wa maharage, akampa ukiwa bado unafuka moshi. Akauonja.

"Ongeza chumvi," akasema.

Gaudensia alisimama akicheka na kufuta macho kwa kiganja. Chumvi ilikuwa kwenye rafu, na rafu ilikuwa juu sana. Akatazama mlangoni kama mtu anayehakikisha hakuna jirani, akavuta ndoo kutoka chini ya kitanda, akaipindua, akapanda juu yake, akachukua chumvi, akashuka, akairudisha ndoo mafichoni. Alifanya yote hayo haraka, kama kitu anachokifanya kila siku.

Mzee Severini aliacha kula.

"Hiyo ni nini?"

"Ndoo, baba."

"Kwa nini unaipanda?"

"Rafu iko kwenye bega lako," akasema Gaudensia. "Bega lako la wakati ule. Silifikii."

Mzee akaitazama rafu. Akatazama ndoano ya kikombe, kitasa cha mlango, kitanda kilichoinuka kama meza. Ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa akijitazama mwenyewe, alivyokuwa, amesambazwa chumba kizima.

"Na majirani?" akauliza.

"Wana ndoo."

"Wote?"

"Wote, baba. Wageni wakija tunazificha. Kipimo hakosei, kwa hiyo ilibidi tuwe tumekosea sisi."

Mzee aliendelea kuitazama rafu. Mchuzi ulianza kupoa, nami nikamsogezea kijiko. Alikula mpaka ukaisha, maana ulikuwa umepikwa kwa ajili yake. Kisha akaomba kipande cha mkaa.

"Njoo usimame hapa, karibu na ukuta," akamwambia bintiye. "Usijinyooshe. Wala usijipinde. Simama kama unavyosimama ukipika."

Gaudensia akasimama. Leonsi akamwinua mzee kidogo, na mzee akachora mstari mfupi mweusi ukutani, kwenye bega la mwanawe. Rafu ilikuja kupigiliwa hapo jioni ile ile, na Leonsi ndiye aliyepigilia. Ilikaa upande kidogo.

Nililala kwao usiku ule, na asubuhi nilikuwa nawasha moto niliposikia hodi. Alikuwa Bwana Pankrasi, peke yake, bado na shati tupu. Nilidhani amefuata koti. Alituamkia, akauliza kama nyumba imesimama, akakaribishwa ndani. Aliiona rafu mpya. Aliitazama sana. Nikasubiri aseme kwamba upande wa pili wa ukuta hakuna ya kulingana nayo.

"Mzee," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, "mke wangu ni mfupi. Mwaka juzi alianguka, akavunjika mkono. Tuliwaambia watu aliteleza bafuni."

Mzee Severini alikuwa amekaa na bakuli la uji mapajani.

"Siwezi kuja kwako," akasema. "Nimepumzishwa."

"Najua. Sikuja kukusumbua."

"Mlete hapa, basi. Na ndoo yake aje nayo." Akapuliza uji. "Humu kiti ni kimoja. Ataikalia."